Visiwa kwenye Shati la Mwalimu

Mwalimu wa jiografia wa hapa Kabambare ana shati moja jeupe, na kila mwaka huniletea likiwa na tundu jipya la moto kwenye pindo, kando ya viraka vyangu vya zamani. Hulikunja vizuri kama nguo ya misa, hulaza kiganja juu yake, kisha husema kwa sauti ya chini, “Fundi, unifunikie hii.” Nilidhani ni tumbaku. Juzi nilikwenda shuleni kupima sare, nikachungulia dirishani, na utepe wa kupimia ukaniponyoka. Mwalimu alikuwa amechomoa pindo la shati, shati likiwa mwilini, akilipitisha juu ya mshumaa uliowaka mezani. Akavuta polepole mpaka kiraka cha mwisho kikapita moto, akasimamisha. Kitambaa kikawa cheusi, kikatoboka. Wanafunzi wakanyosha shingo.

“Moto iko palepale,” akasema. “Inatoka chini sana, inayeyusha mwamba, mwamba unapanda, unajilundika mpaka unatokeza juu ya bahari. Hiyo njo kisiwa. Lakini sakafu ya bahari inatembea, inakibeba, na kingine kinazaliwa nyuma yake.”

“Na vile vya zamani, mwalimu?” akauliza binti wa dawati la mbele.

Akapitisha kidole juu ya viraka vyangu, kimoja kimoja. “Vinapoa, vinazama. Hivi bahari ilishavifunika.”

Nikabaki dirishani, harufu ya pamba iliyoungua puani, kumbe bahari ni mimi.