Damaris Hauzi Jumamosi

Mji wa Ragudha haukupangwa na mtu. Malori ya miwa yaendayo Awendo yalikuwa yakizimika kwenye kilima cha hapo, madereva wanashuka na njaa yao, na mama mkwe wa Damaris akainjika chungu kando ya barabara. Mji ukaota hapo. Leo una maduka tisa, kinu cha posho, Obare wa kuziba pancha, na hoteli ambayo Damaris aliachiwa.

Damaris ni Msabato. Ijumaa, kabla jua halijazama, hupika nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, sufuria mbili kubwa. Jumamosi hauzi. Mpita njia mwenye njaa huketi, hula, huenda zake bila kulipa. Madereva wote wanajua.

Cliff hakujua. Anaandika kijitabu cha kampuni inayopeleka wageni kisiwani Takawiri. Alipita Jumamosi, akala bakuli mbili, kisha akaandika: “Ragudha. Hakuna hoteli. Beba chakula kutoka Rongo.”

Sasa magari ya wageni hayapunguzi hata mwendo. Dorine, aliyepika na Damaris miaka sita, amerudi kwao kwa kukosa kazi.

Jumatatu moja Cliff alirudi, gurudumu limetoboka. Obare alimtambua, akamwita Damaris.

“Ni huyu. Bwana bakuli mbili.”

“Mama, sikuona mtu akilipa,” Cliff alisema. “Nilidhani mna matanga.”

“Ukala mara mbili bila kuuliza nani amekufa?” Obare akamchokoza.

Damaris hakucheka. “Kirekebishe hicho kijitabu.”

“Kinachapishwa upya wiki hii. Nitaandika hoteli ipo, siku saba. Ila Jumamosi uuze, Mama. Ndiyo siku ya wageni.”

“Andika sita.”

“Kampuni inataka mahali pa kutegemewa.”

“Nimelisha barabara hii miaka ishirini na miwili. Wewe nilikulisha bure, na ndiwe unanifundisha kutegemewa? Sita.”

“Basi siwezi kukuweka kijitabuni.”

“Usiniweke.”

Cliff alifunga daftari. Gurudumu lilikuwa bado, akaomba chai.

“Leo Jumatatu,” Damaris alisema. “Lipa kwanza.”

Akalipa. Damaris alikitua kikombe mezani kwa kishindo, chai ikamwagikia daftari. Hakulifuta.