Kihenge Kisichogongwa

Bernadina alipoolewa na Januari, hakuna aliyemwambia kwamba anaolewa pia na kihenge. Alitoka kwao upande wa misheni ya Ushirombo, Msumbwa wa watu, na sanduku la bati, vitenge vichache na sauti iliyosifiwa katika kwaya. Mama mkwe wake, Lukresia, alikuwa mjane wa Kisukuma, mwembamba, mwenye miguu isiyojua kutulia. Alimpokea vizuri, akamwekea maji ya kuoga, akamlisha akashiba, kisha akamshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba.

"Hiki ndicho," alisema.

Kilikuwa kihenge, ghala la nafaka la fito, kirefu kuliko mtu, kimesimama juu ya mawe, kimekandikwa kwa udongo na samadi kuanzia kitako hadi shingoni. Mfuniko wake nao ulikuwa umezibwa kwa udongo, haukuachiwa hata tundu la mchwa. Kazi ya mke wa nyumba hii, Lukresia alieleza, ni kukikandika upya kila mwaka kabla ya mvua za kwanza. Hakifunguliwi. Tena hakigongwi.

"Kina nini, mayu?" Bernadina aliuliza, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama.

"Kina mdomo uliofungwa. Nawe jifunze kwake."

Sababu ya kutokigonga aliipata baadaye, kidogo kidogo, kama vitu vyote vilivyotoka kwa Lukresia. Kihenge kikigongwa husema ukweli. Kilichojaa kina mlio wake, kitupu kina mlio wake, na ukweli huo ukishasikiwa na jirani mmoja asubuhi, jioni umefika kwa shemeji wa wezi. Basi Bernadina akawa anakikandika mwaka hata mwaka, viganja vyake vikapafahamu kila pahali palipobonyea, na hakujua kama anatunza chakula au anapamba upepo.

Wala haikuwa kihenge peke yake. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa kinangoja balaa. Viazi vitamu vilipovunwa, nusu havikuliwa. Vilikatwakatwa na kuanikwa vibichi vikawa michembe, au vilichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikawa matobolwa. Majani ya kunde yalikaushwa yakaitwa nsansa, yakafungwa darini. Chumvi ilifukiwa kwenye chungu chini ya kitanda. Ua wa minyaa ulikuwa na mlango wa mbele wa wageni na upenyo wa nyuma wa kukimbilia, na upenyo huo ulifagiliwa kila Jumamosi kama kanisa. Mektilda, binti wa Bernadina, alipoanza tu kuunganisha maneno, bibi yake alimfundisha kutaja jina lake, la baba yake, la babu yake, na la babu wa babu yake.

"Ya nini yote hayo kwa mtoto wa kunyonya?" Bernadina aliuliza.

"Watu wakikimbia, watoto hudondoka. Anayejua kutaja kwao hurudishwa."

Alilisema hilo huku akichambua kunde, wala hakuinua macho. Usiku Bernadina alimweleza mumewe kwamba mama yake anaishi kana kwamba Nuhu ndiye aliyemwachia usia, wakacheka mpaka Januari akaziba mdomo kwa shuka. Kisha Januari akasema kwamba kabla yeye hajazaliwa kulikuwa na mwaka wa njaa, na mama alizika watoto wawili kati ya kupanda na kuvuna. Toka hapo Bernadina hakucheka tena, ingawa bado aliona kwamba bibi huyu amezidi.

Akiba haiozi, wahenga walisema, lakini hawakusema lolote juu ya akiba kuhamishwa. Mwaka wa sabini na nne, mavuno yakiwa yamekwisha, na membamba kwa sababu mvua zilikuwa za kudokoadokoa, amri ikafika: watu wote wahamie kijijini, kando ya barabara kuu. Januari wakati huo alikuwa Nyarugusu akitafuta dhahabu. Bwana shamba aliyepita kueleza utaratibu alikuwa kijana mwenye adabu, jina lake Valerian. Alimwamkia Lukresia shikamoo, akaitikiwa marahaba, ndipo akasema lori litachukua vitanda, vyombo na magunia. Kihenge halitachukua. Kifunguliwe, nafaka itiwe kwenye magunia.

"Mwanangu," Lukresia akamjibu, "huu ni ulezi. Ukifungiwa hivi hukaa miaka na miaka. Ukitiwa kwenye magunia, watu wakauona, hautamaliza hata mwezi. Ulezi ulioonekana hunywewa."

Valerian alicheka, maana alijua kwamba ni kweli na kwamba pombe ya ulezi haina mpinzani. Bernadina hakujua kama mama mkwe amesema kweli au ameficha tena. Hata hivyo siku ya lori ilikuwa imekwishapangwa, naye hakuwa na la kufanya.

Siku hiyo ilipofika Lukresia alikuwa ametangulia kwenda kuonyeshwa kiwanja. Bernadina alibaki na mtoto mgongoni akifunga vyombo. Wakaja mgambo wawili kusaidia kupakia, watu wema tu wenye haraka zao. Mmoja akaegemeza ngazi kwenye kihenge, akapanda, akainua panga juu ya udongo wa mfuniko.

Bernadina alikataza, hakusikika. Alisihi, akaambiwa lori haliwezi kungoja. Akaona mikono yake mwenyewe kwenye ule udongo, na watoto wawili wa Lukresia ambao hakupata kuwaona, na panga likishuka. Hapo akajaza kifua hewa, sauti yake ya kwaya yote, akapiga mwano, yowe la kuita msaada.

Na hapo ndipo alipokosea. Kwao, mwanamke akiona nyoka jikoni hupiga yowe, majirani huja, nyoka huuawa, watu wakacheka, wakarudi makwao. Kwa Wasukuma alioolewa kwao, mwano si yowe la nyoka. Ni wa ng'ombe walioibwa, wa simba, wa moto, wa damu ya mtu. Anayeusikia haruhusiwi kuuliza. Anachukua silaha anakimbia, na akikimbia naye anaupiga, ili wa mbele yake asikie. Hayo Bernadina aliwahi kuambiwa, lakini kuambiwa si kuona.

Sasa aliona. Sauti yake ilikuwa haijamaliza kutoka, ikajibiwa ng'ambo ya bonde. Ikajibiwa kwenye kilima. Ikaendelea mbele, ikafika mahali asipopajua, ikawa haimhusu yeye tena; nchi nzima ilikuwa inalia. Mektilda mgongoni aliinua kichwa akasikiliza. Kisha watu wakaanza kutokea, kwenye mabua ya mtama, kwenye vichaka, juu ya njia ya mifugo, wenye mikuki, wenye pinde, wenye marungu, wengine wakiwa wameacha vitanda vyao nusu viko juu ya lori. Walikuja mbio. Ua ukajaa, na nje ya ua kukajaa. Bernadina hakuwahi kufikiri kwamba kifua chake kina uwezo wa kuwainua watu wengi namna ile.

Mgambo alishuka kwenye ngazi taratibu sana, akalilaza panga chini kama analaza mtoto.

Aliyeongoza mambo ya mwano katika eneo lile alikuwa mzee Makoye, mtu mfupi mwenye sauti nzito. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Ng'ombe wameelekea wapi?" aliuliza.

Bernadina alipiga magoti. "Hakuna ng'ombe, baba."

"Simba, basi."

"Hakuna simba."

"Sasa ni nini?"

Akakionyesha kihenge. Wanaume wale wote wakakitazama kihenge, nacho kimetulia pale, hakina jeraha. Kijana mmoja alianza kucheka, akakanyagwa mguu na baba yake.

Adhabu ya mwano wa bure ilijulikana: ng'ombe dume, aliwe na waliokimbia. Makoye aliitamka bila hasira, kama mtu anayesoma Amri Kumi. Katika nyumba ile kulikuwa na ng'ombe mmoja tu, jike, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlisha Mektilda. Bernadina aliinamisha kichwa, machozi yakadondoka mavumbini. Alikuwa ameokoa kihenge ambacho huenda ni kitupu, akapoteza maziwa ya mwanawe.

Lukresia aliingia akihema, vumbi mpaka kwenye kope. Naye alikuwa ameusikia mwano njiani, akageuza. Alielezwa. Alimtazama mkwewe, akakitazama kihenge, akautazama umati, na Bernadina aliyekuwa akimwangalia kwa woga akaona uso wa mama yule unaanza kupiga hesabu.

"Makoye, dume sina," alisema. "Nina hicho. Mmekwisha kuja, na mabega mmekuja nayo. Kibebeni kizima mpaka kijijini. Na siku kitakapofunguliwa, kila aliyekimbilia mwano huu atapata ungo wake. Hiyo ndiyo faini."

"Kina nini ndani?"

"Anajua aliyekifunga."

"Aliyekifunga si wewe?"

"Basi mimi najua."

Safari hii walicheka wote, hata Makoye. Valerian, aliyefika na lori katikati ya maneno, alisema kama wanakiweza, yeye hana neno. Wakakata miti mirefu, wakaipitisha chini ya kitako, wakafunga kwa kamba za katani. Makoye akaanzisha wimbo. Wakainama, wakashika, wakainua.

Mngurumo uliotoka vifuani mwao Bernadina hakuusahau maisha yake yote. Kihenge hakikuinuka. Wakaongezwa wengine, mabega kwa mabega, miti ikalia, na polepole kabisa mwanga ukaonekana kati yake na mawe. Hakuna aliyekigonga, lakini kimesema. Kilikuwa kimejaa! Kimejaa miaka yote ile, wakati yeye akicheka ndani ya shuka.

Kikatoka uani, kikashika njia. Kilikwenda kikiyumba juu ya vichwa vya watu, mfuniko wake umesimama wima, na wimbo ukipokewa mbele na nyuma, wachovu wakitoka na wapya wakiingia chini ya miti bila kihenge kusimama. Kwenye barabara kuu dereva wa lori alizima injini, akashuka, akavua kofia. Watu waliokuwa juu kati ya magodoro yao, waliokuwa wakilia kuacha makaburi ya wazee wao, wakageuka wakatazama nyumba ya ulezi ikitembea. Bernadina alifuata nyuma amebeba chungu cha chumvi, na alikuwa akisali bila kujua anasali.

Mvua za mwaka ule hazikuja. Mtama uliota ukafika magotini, ukakauka. Januari alirudi kutoka Nyarugusu na kila aina ya vumbi isipokuwa la dhahabu. Kijijini ukagawiwa unga wa njano wa msaada, ule watu waliouita Yanga, na haukutosha. Wengi walikuwa wamehama na magunia yao, na magunia yalikwisha. Nyumbani kwa Lukresia walikula michembe, wakala matobolwa, wakala nsansa bila chumvi nyingi. Kila jioni Bernadina alimtazama Mektilda mbavu, kisha akamtazama mama mkwe, na mama mkwe alisema, "Bado." Siku moja ng'ombe akakauka maziwa. Asubuhi yake Lukresia alimpa Bernadina jembe.

"Wewe ndiye uliyekilinda. Kifungue."

Udongo ulibanduka vipande vipande, na alama za vidole vyake mwenyewe zilikuwa juu yake. Mfuniko ukainuka. Ulezi ulikuwa mwekundu, mkavu, umechanganywa na majivu, hauna mdudu hata mmoja. Bernadina aliutumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. Nafaka ile ilivunwa kabla hajamjua Januari.

Waliokimbilia mwano wakaitwa. Walikuja kimya, na nyungo zao, wakiona haya kidogo, maana njaa huondoa utani. Lukresia alimwamuru mkwewe ampimie kila mmoja, na apime kwa kufurika. Bernadina alipima huku moyo ukimuuma. Kila ungo ulioondoka aliuona kuwa ni wiki ya Mektilda. Makoye alikuja wa mwisho, amekonda, kwa sababu kwake alikuwa na wajukuu wengi na alikuwa akiwaachia wao chakula. Jioni Bernadina alichungulia ndani ya kihenge na kuona kwamba kilichobaki hakifiki nusu.

Kilitosha. Uji mwembamba, mara moja kwa siku, mchungu wa majivu, lakini kilitosha. Mwaka ule kijiji kilizika watu, wazee na wachanga. Mektilda aliishi.

Mvua zilirudi, na baada ya mavuno Lukresia alitoa ungo wake mmoja wa ulezi mpya, akaumimina ndani ya kihenge. Chini kabisa ulisikika ukidondoka. Bernadina alikuwa akikanda udongo, anafikiri itachukua miaka mingapi, aliposikia watu wakibisha hodi. Makoye alikuwa mbele, ungo kichwani. Nyuma yake walikuwa wale wale wa mwano, na wake zao, wamejaza njia mpaka kwenye barabara, kila mmoja na ungo uliofurika. Hakuna aliyekuwa amewaita. Walipanda ngazi mmoja mmoja, wakamimina, wakashuka. Mlio wa nafaka ukazidi kupanda, kutoka kitakoni kwenda kiunoni, kutoka kiunoni kwenda shingoni, na Lukresia, ambaye Bernadina hakuwahi kumwona ameketi mchana, aliketi chini vumbini akaangua kilio.

Makoye alimgeukia Bernadina. "Mama Mektilda, tulikuhukumu vibaya. Mwano wako haukuwa wa bure. Ulikuwa wa njaa, ila ulitangulia."

"Usimsifu sana," Lukresia alisema kutoka pale chini, akijifuta uso kwa khanga. "Ataupiga tena kesho."

Bernadina alichota udongo kwa mikono miwili, akapanda ngazi, akaanza kukandika.