Plaizi za Fundi Cherehani

Fundi cherehani mmoja alikuwa na ugonjwa ambao hakuna daktari aliyewahi kuuandikia dawa: aliupenda umeme. Mchana alishona sare na magauni. Jioni, vitambaa vikishakunjwa, meza ileile ilijaa betri, balbu ndogo na swichi alizozing'oa kwenye redio zilizokufa. Wateja walimwita Bi Betri, naye aliitika bila kununa.

Mchezo huo usingekuwa na neno, ila safari hii palikuwa na mtu anayeutegemea. Dada yake mkubwa, jirani yake ukuta kwa ukuta, alikuwa kiziwi kabisa tangu mwaka uliopita. Wageni walibisha hodi, wakabisha, wakaenda zao wakidhani hayupo. Mwenyewe alikaa ndani ameshika tama, akiamini shoga zake wamemtupa. Bi Betri akamfungia taa nyekundu ukutani, mbele ya kiti chake: mgeni abonyeze kitufe mlangoni, taa iwake. Siku ya kwanza iliwaka, dada akapiga vigelegele. Siku ya tatu ikagoma. Ikatengenezwa, ikagoma tena.

"Mdogo wangu," dada alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, "taa yako ina madeko kuliko bibi harusi! Ikizima mara nyingine naing'oa, nijue moja!"

Maneno hayo yalimchoma. Alifungua viungo vyote vya waya, akavaa miwani, akatazama. Lo, aibu! Waya alikuwa akiuchuna kwa meno, kama anavyokata uzi, na ncha akiziunga kwa fundo la kishonaji, kisha utepe juu. Ndani ya waya mlikuwa na nyuzi kumi na sita za shaba. Meno yalikuwa yamebakiza tisa. Fundo nalo lilikuwa limelegea kama mkanda wa suruali ya kuazima. Mtu aliyewafumulisha wanafunzi wake gauni zima kwa sababu ya mshono mmoja ulioruka, leo amelipua kazi mwenyewe, tena kazi ya dada yake.

"Ungekuwa mwanafunzi wangu," alijiambia, "ningekufukuza."

Asubuhi alikwenda duka la vifaa vya umeme, na kipande cha waya wake mkobani. Mwenye duka akamletea plaizi yenye mipini myekundu, inayong'aa kama kioo.

"Hii, mama, inachuna, inakata, inabana, inang'oa na misumari."

"Na kupika inapika?"

"Ukiizoesha, mama."

Bi Betri akachuna. Ganda lilitoka mara moja, safi kwa macho. Lakini yeye alichomoa pini kwenye ukosi, akazitawanya nyuzi, akaanza kuhesabu.

"Unahesabu nini, mama? Nywele?"

"Kumi na nne. Zilikuwa kumi na sita. Mbili umekula wewe au plaizi yako?"

Wateja waliangua kicheko. Mwenye duka akajikuna kisogo, akatoa nyingine: nyeusi, haina sura, ila mdomoni ina safu ya matundu, kila moja na namba ya unene wa waya. Tundu dogo mno lilikata nyuzi tatu. Bi Betri akasogea kwenye tundu linalofuata, akavuta, akahesabu mara mbili.

"Kumi na sita. Hii nachukua."

Ikabaki plaizi ya kubania vichwa vidogo vya shaba vinavyovishwa ncha za waya badala ya fundo. Ya kwanza ilibana. Alipovuta, kichwa kikachomoka kama kofia. Ya pili alibana nusu, akataka kuiachia. Ikakataa kufunguka.

"Imekwama hiyo, mama, lete nikubadilishie."

"Haijakwama. Inanikataza kuacha kazi njiani."

Alikaza mikono yote miwili mpaka ikalia *kaa!*, ndipo ikaachia yenyewe. Akashika waya, mwenye duka akashika kichwa cha shaba, wakavutana kama watoto wanaogombea kamba. Hakikutoka.

"Plaizi hii ina msimamo kuliko watu wengi ninaowajua," Bi Betri alisema, akihema. "Na ile yako inayong'aa, mwanangu, usimdanganye mtu kuwa inafanya yote."

"Basi nitasema inang'oa misumari."

"Sema ukweli, utalala vizuri."

Alasiri ile alifumua kila kiungo, akakiunda upya, akakivuta kabla ya kukiamini. Dada alimtazama kwa jicho la pembeni. Wiki ikapita, taa haikudeka hata mara moja. Siku ya nane, muuza mboga, shoga wa dada wa tangu usichana, alipita akaona kitufe, akakibonyeza. Mlango ukafunguka kabla hajatoa kidole.

"Kumbe upo! Nilibisha mpaka nikachoka, nikajua umehamia kwa mwanao!"

Dada alimsoma midomo, machozi yakamlenga, naye akapaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Na mimi nikajua umenitupa! Ingia, mwizi wa roho yangu, ingia!"

Upande wa pili wa ukuta, Bi Betri alisimamisha cherehani. Vicheko vilimfikia, na masengenyo ya mwaka mzima, yote kwa sauti ya juu. Akataka kugonga ukuta wapunguze kelele. Mkono ulikuwa umeshainuka alipokumbuka dada hasikii, akacheka peke yake hadi mbavu zikamuuma. Akavua kastabini kidoleni, akatoka nje, akazunguka hadi mlango wa dada, na kama mgeni mwingine yeyote, akabonyeza kitufe.