Boti ya Saa Kumi na Moja Haimsubiri Sajini

Saa kumi na nusu jioni, siku ya Jumamosi, Rena Michaud anapiga honi ya kwanza. Amesimama kwenye gati la kisiwa cha Bascom, mguu mmoja ndani ya boti na mwingine nje, mkononi kashika kamba kama mtu aliyeshika mbwa asiyemwamini.

Juu kilimani, nyuma ya kuta za mawe za ngome, ngoma inaanza kulia. Rena anageuza shingo taratibu.

"Hebu wasikie," anasema. "Wanaanza gwaride jipya. Saa hizi! Mungu wangu, saa hizi!"

Watalii wanateremka wamechoka, pua zimeiva kwa jua. Mama mmoja mwenye kofia pana anasimama mbele yake na kuziba njia.

"Samahani dada, haya maji yamezunguka kisiwa chote?"

"Chote, mama. Ndiyo maana tulikuja kwa boti."

"Ahaa. Na boti ya saa kumi na moja inaondoka saa ngapi?"

Rena anafumba macho, anayafumbua. "Saa kumi na moja, mama. Panda ukae, kuna kivuli nyuma."

Kila anayevuka kwenda kisiwani hupewa kibao kidogo cha mbao chenye tundu. Akirudi, anakitundika kwenye msumari wake kando ya mlango wa boti. Msumari mtupu ni mtu aliyebaki ng'ambo. Utaratibu huu Rena aliukuta, na anasema umeokoa watoto wengi waliolala kwenye vyumba vya mizinga huku wazazi wao wakibishana kuhusu aiskrimu.

Misumari ya juu inajaa upesi. Safu ya chini, misumari minane, iko tupu tangu asubuhi. Hiyo ni ya wanajeshi.

Si wanajeshi wa kweli. Ni wanaume wa Pettengill, mji ulio ng'ambo ya maji: fundi bomba, mwalimu mstaafu, muuza bima na wenzao. Kila Jumamosi ya kiangazi huvaa makoti ya sufi ya buluu na kuishi kama babu zao walivyoishi wakilinda ngome hii ilipokuwa gereza la mateka, wakati wa vita vya Kaskazini na Kusini vya Marekani. Wakishavaa, wamevaa. Ukiwauliza matokeo ya mpira, watakuuliza mpira ni mdudu gani.

Watalii wanalipenda sana jambo hilo. Rena halipendi, maana sajini wao ni mume wake.

"Gerard nyumbani ni mtu mzuri," anasema. "Anaosha vyombo, anampeleka mama yangu kanisani. Lakini mvalishe lile koti tu! Hana mke, hana simu, hana masikio."

Rena ana umri wa miaka hamsini na nne. Alizaliwa Pettengill, katika nyumba iliyonuka samaki kwa sababu baba yake na mama yake wote walifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki wa kopo. Na yeye alipomaliza shule akaingia humohumo, mkasi mkononi, akikata vichwa na mikia mpaka kiwanda kilipofunga milango. Vidole vyake viwili bado vina alama.

Baada ya hapo alifanya kila kitu. Amesafisha vyumba vya hoteli. Amebandua nyama ya kaa. Mpaka leo, boti zikitolewa majini na kulazwa mwezi wa kumi, yeye hukaa kwenye banda la jirani akisuka mashada ya matawi ya msonobari ya Krismasi, mikono inanata utomvu hadi Mwaka Mpya.

Kazi ya boti alipewa na Kapteni Wendell Beal, mzee mpole anayeendesha boti hiyo, ambaye watu wa Pettengill husema hajawahi kumwambia mtu hapana. Ujira ni dola kumi na tisa kwa saa. Ila Rena hasemi sana habari za ujira. Anasema habari za usukani.

"Mzee anastaafu mwakani," anasema. "Ameniambia boti anataka niiendeshe mimi. Lakini leseni haiji kwa kupendwa. Wanataka siku zako za baharini. Mimi msimu huu nikiumaliza wote, safari zote, siku zangu zinatosha, nafanya mtihani wakati wa baridi. Nikikatiwa safari, basi. Nangoja mwaka mwingine, na mzee hangoji. Boti itapewa mtu wa kutoka mbali."

Na safari ziko mashakani kweli. Jumamosi tatu mfululizo boti ya mwisho imechelewa. Basi la watalii limeondoka bila watu wake, watu wamelala kwenye viti vya kituo, wengine wakaenda kuwaka mbele ya baraza la mji. Baraza limesema mara moja tu zaidi, na safari ya jioni inafutwa. Ikifutwa, baharia msaidizi kama Rena hahitajiki.

Anayechelewesha anajulikana. Tatizo ni saa yake.

Majira ya machipuko Gerard alisoma mahali kwamba zamani zile kila mji ulifuata jua lake, hapakuwa na saa moja ya nchi nzima. Ikamwingia kichwani. Sasa kila Jumamosi anawaamuru wenzake waache saa na simu zao kwenye sanduku langoni. Adhuhuri anasimamisha fimbo katikati ya uwanja, anapima kivuli, halafu anarekebisha saa yake ya mfukoni yenye mnyororo. Kwa hesabu hiyo, ngome iko nyuma ya gati kwa zaidi ya nusu saa.

"Kwa hiyo boti ya saa kumi na moja, kwake yeye bado ni saa kumi na dakika ishirini na kitu," anasema Rena. "Anaona ninamharakisha bure! Nimemwambia jikoni, nimemwambia kwenye gari, nimemwambia kitandani. Anasema, 'Sawa mke wangu, nimekuelewa.' Jumamosi ikifika, fimbo uwanjani."

Ngoma haijanyamaza. Rena anamkabidhi Kapteni Wendell kamba na kupanda kilima kwa hatua ndefu.

Uwanjani wanajeshi wamejipanga, jasho linawatiririka, bunduki mabegani. Watalii waliosalia wamewazunguka wakipiga picha. Gerard yuko mbele, ndevu amezichana, tumbo amelirudisha ndani.

"Gerard, boti inaondoka."

Sajini anamtazama kama anayetazama kuku aliyeingia ofisini. "Bibi, raia hawaruhusiwi kuvuka mstari huu bila kibali."

"Usinichezee, Gerard."

"Simjui huyo Gerard. Mimi ni Sajini Amos Tarbox."

"Haya, Amos Tarbox. Maharage niliyoloweka tangu jana nani atayala leo, wewe au huyo Gerard?"

Watalii wanaangua kicheko. Kijana mmoja mwenye kamera anasogea karibu. "Safi sana! Dada, wewe unaigiza mke wa nani?"

"Siigizi. Mimi ndiye mke."

Wanacheka zaidi, mmoja anapiga makofi. Rena anawageukia, uso umeiva. "Jamani, hii si michezo! Mnaotaka kulala kwenu leo, nifuateni. Boti ipo chini na haisubiri."

"Anaijulia kweli," mtalii mmoja anamnong'oneza mwenzake. Lakini wanaanza kusogea, maana sauti ile haina mchezo ndani yake.

Gerard anavuta mnyororo, anafungua saa, anaiinua juani. "Kwa saa ya ngome hii," anatangaza, "muda upo tele. Kikosi! Tutamaliza gwaride."

Katika mstari, fundi bomba anakohoa. "Sajini, ila shemeji amesema..."

"Kimya mstarini!"

Rena anamkaribia mumewe mpaka vifungo vya koti vinakaribia kumgusa. Anashusha sauti. "Gerard. Unajua kazi yangu imefika wapi. Sisemi tena. Ninashuka, ninapiga honi ya mwisho, ninafungua kamba."

Kwa nukta moja macho ya sajini yanayumba. Kisha yanarudi mbele, juu ya kichwa cha mke wake, kwenye bendera.

"Mgongo," Rena anasema akiteremka, kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Ameacha kuendesha gari la kuondoa theluji kwa sababu ya mgongo. Mwambie alete kuni, mgongo. Mwambie abebe godoro, mgongo. Bunduki ile nzito anasimama nayo mchana kutwa kama mlingoti wa simu!"

Gatini misumari yote ya juu imejaa vibao. Rena anapiga honi ya mwisho, ndefu, mpaka ndege wa baharini wanaruka kutoka kwenye nguzo. Ngoma haikatiki.

Kapteni Wendell anachungulia dirishani, kofia mkononi. "Rena, tuwape kidogo tu. Ni mumeo yule."

"Ni mume wangu nyumbani, Kapteni. Hapa ni abiria aliyechelewa."

"Watalala huko."

"Wana mahema. Wana mablanketi. Wana ile mikate yao migumu kama matofali, si wanaipenda?" Kisha anasema taratibu zaidi. "Kapteni, tukisubiri leo, Jumatano baraza likikaa sina la kusema. Si mimi wala wewe."

Mzee anatazama kilima. Anatazama watu walioketi na mifuko yao mapajani. Anavaa kofia. "Fungua," anasema.

Rena anafungua kamba ya mbele, halafu ya nyuma. Kuikunja kamba ile sakafuni kunamchukua muda zaidi kuliko siku zote.

Boti imeshaacha gati hatua kadhaa ndipo wanapotokea. Wanaume wanane wanakuja mbio mteremkoni, mabuti yanagonga, kofia zinaanguka, bunduki zinachezacheza migongoni. Mbele yao anakimbia Sajini Amos Tarbox mwenye mgongo mbovu, naye anakimbia vizuri sana.

"Rena! Rena wee! Rudisha boti!"

Watalii wanasimama wote upande mmoja, wamefurahi kupita kiasi. Wanapiga saluti.

"Wanatupungia mikono!" anasema mama mwenye kofia pana. "Jamani, wanapendeza!"

"Wapungie, mama," anasema Rena.

Wakati boti inakaribia Pettengill, kwenye gati anaonekana Bwana Everett Dyer, mjumbe wa baraza, ametumwa kuangalia. Amesimama peke yake, mikono nyuma. Basi la watalii lipo, mlango wazi. Abiria wanashuka, wanapanda, basi linaondoka bila kupiga honi hata mara moja.

Bwana Dyer anatazama saa, anatazama boti. "Mmewahi," anasema.

"Tumewahi."

"Na wanajeshi mbona siwaoni?"

"Wako kwenye mwaka wao," Rena anamjibu. "Mimi nina boti ya mwaka huu."

Bwana Dyer si mtu wa kucheka. Anainamisha kichwa, anasema Jumatano atalieleza baraza alichokiona, na anaondoka zake. Rena anaosha sakafu, anafunga mlango, anakwenda nyumbani kula maharage na mama yake, ambaye anamuuliza mara nne Gerard yuko wapi na mara nne anajibiwa, "Kazini."

Jumapili asubuhi, boti ya kwanza. Ukungu umekaa juu ya maji na wanaume wanane wamekaa kwenye gati la kisiwa, makoti yamelowa, hakuna anayepiga ngoma. Fundi bomba anapanda wa kwanza, anatundika kibao chake, anasema kwa adabu, "Shikamoo shemeji," ingawa anamzidi Rena umri. Wengine wanafuata wakitazama viatu vyao.

Gerard anabaki wa mwisho.

"Umeniacha," anasema.

"Boti imekuacha."

"Ulijua nipo kule."

"Nilijua upo. Na wewe, Gerard, ulijua nipo hapa. Kiangazi chote nipo hapa."

Gerard anajipapasa ndevu zenye umande. Nyuma yake, juu ya ukuta, bendera imelala kimya.

"Ile fimbo," anasema hatimaye, "nitaiacha iwe ya kuwaonyesha watoto tu. Saa nitafuata ya boti."

"Utafuata ya boti."

"Nimesema nitafuata, Rena."

"Umewahi kusema." Lakini anasogea pembeni ampishe, na anapopita anamshika kiwiko, maana ngazi ina utelezi na mgongo wake, leo, unauma kweli.

Kuhusu Jumatano, Rena hajipi matumaini makubwa. Anajua baraza la Pettengill: wanaweza kukaa mpaka giza kujadili rangi ya benchi. Ameomba apewe nafasi ya kusema, na dada yake atamsindikiza ili asipandishe sauti. Safari ikibaki, siku zake za baharini zitatimia kabla boti hazijalazwa. Vitabu vya mtihani tayari viko kwenye meza ya jikoni, na Kapteni Wendell humpa usukani asubuhi ambapo hakuna abiria, amzoeshe mkondo ulio karibu na miamba.

Anapoulizwa akishakuwa kapteni atabadilisha nini, Rena haanzi na boti wala ngome. Anatazama kilima, ambako mtu fulani, pengine mwalimu mstaafu aliyerudi kuchukua alichosahau, ameanza kugonga kitu kinachofanana sana na ngoma.

"Sitaki makubwa," anasema. "Nataka siku moja mimi niwe ndani nimeshika usukani, na mtu mwingine awe na kazi ya kumwita mume wangu."