Wote waliniambia mkutano wetu wa wajane ulikuwa mzuri sana, na Emily akarudi nyumbani bila kuuliza swali lake

Wakuu, chamgei. Hiyo ni salamu ya kwetu. Mkijibu chamgei nitajua mmenikaribisha.

Mimi ni mama mzee wa huku juu ya Silibwet, Bomet. Nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hivyo naandika vile naongea, na kidole ni kimoja. Mambo haya nimeyaona mwenyewe. Majina nimebadilisha, na hiyo ndiyo imenisumbua kuliko kuandika, maana mimi jina la mtu likiingia kichwani halitoki.

Sasa sikieni.

Hapa kwetu tuko na kikundi cha wajane. Mimi ndiye mwenyekiti, si kwa akili, ni kwa miaka.

Jirani yangu wa chini anaitwa Emily. Bado ni msichana kwangu, watoto wake wadogo. Mume wake Wesley alikufa, na shemeji yake Richard akaanza kusema shamba la chai ni la ukoo. Siku moja nikaamka nikakuta Richard amechimba mashimo ya nguzo katikati ya chai ya Emily. Akasema akimaliza kuvuna mahindi atakuja kuweka seng'enge.

Mashimo hayo yanaonekana kutoka mlango wa jikoni yangu. Kila nikienda kukamua naona mashimo. Nikirudi na maziwa naona mashimo.

Ndiyo nikasema tuite mkutano. Kuna mama mmoja wa Bomet town, tumwite Madam Rose, anafundisha wajane mambo ya mirathi bure. Akakubali kuja kanisani kwetu.

Wakuu, watu walikuja! Rael alikuja, Leah wa Kiprono, Mama Chebet na dada yake, Tapsabei na ule mguu wake mbaya, Kerubo wa Kisii anayechuna chai hapa kwetu tangu enzi za marehemu mzee wangu. Kanisa lilijaa.

Tukaomba. Tukaimba. Mzee wa kijiji akafungua mkutano. Mzee wa kijiji wetu ni Joel, mtoto wa dada yangu, kwa hivyo ni mtoto wangu kabisa. Tulimweka kiti cha mbele, chenye kitambaa, kwa sababu huku kwetu hakuna mkutano unaanza kama mzee wa kijiji hana kiti mbele.

Madam Rose akafundisha vizuri. Akauliza, "Kuna swali?"

Kimya.

Nikamwangalia Emily. Yeye akaangalia viatu vyake.

"Hata moja?" Madam Rose akauliza tena.

Rael akasema, "Tumeshukuru sana, madam." Watu wakapiga makofi. Halafu mmoja akaenda kuangalia ng'ombe, mwingine akakumbuka mtoto, na chakula kilipotoka kanisa lilikuwa nusu.

Madam Rose wakati wa kuondoka akanishika mkono. Akaniambia, "Kogo, mimi nitarudi, lakini ulizia watu kwanza. Niambie nini iliwafunga mdomo. Nisirudi kuongea na ukuta."

Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis. Huyu mama ananiheshimu.



Nilichukua fimbo nikaanza kuzunguka boma kwa boma. Nafika, napewa kiti, napewa chai, nauliza, "Mkutano uliuonaje?"

Leah: "Ulikuwa mzuri sana, Kogo."

Mama Chebet: "Mzuri sana! Na ile chai mlipika, wueh!"

Tapsabei: "Mungu awabariki."

Nikamuuliza Tapsabei, kwani ulitoka mapema kwa nini? Akasema mguu. Mguu huo huo ulimleta kutoka kule mtoni, wakuu.

Emily nikamuuliza mlangoni kwake. Akasema, "Ilikuwa sawa, Kogo," huku anafuta mtoto uso ambao ulikuwa safi tayari.

Nilirudi nyumbani na sifa nyingi na hakuna kitu mkononi. Na mahindi ya Richard yalikuwa yameanza kukauka. Kila jua likiwaka wengine wanafurahi, mimi naogopa. Nilikuwa naomba mvua kama mtu mwenye mbegu shambani.

(Ngojeni kidogo, ndama amefungua kamba.)

Nimerudi.

Siku moja Kerubo alikuja kuchuna majani kwangu. Akanikuta nimekaa kwa ngazi na ugali umepoa. Kerubo haogopi mtu. Akasema, "Kogo, wewe utakufa na hiyo maswali yako."

Nikamwambia, "Nifanye nini? Kila mtu anasema mzuri sana."

"Sasa watasema nini? Wewe umeingia kwa mtu, amekupatia chai, unamwangalia kwa macho, unataka aseme mkutano yako ilikuwa mbaya? Na wewe hausahau jina ya mtu! Mimi nikikosea leo, hata siku ya kunizika utasema, 'Huyu Kerubo aliwahi kuniambia hivi na hivi.'"

Nilicheka, lakini iliniingia. Watu wananisifu kwa hiki kichwa. Sikujua ndicho kinawafunga midomo.

Nikamuuliza, "Basi nitajuaje?"

Akasema, "Wewe kaa nyumbani. Tuachie laini."

Kwa wale hamjui chai: wachunaji husimama kwa mstari, kila mtu na laini yake, kichwa chini, mikono inafanya kazi. Hakuna anayeangalia mwingine usoni. Huko ndiko watu huongea ukweli wote wa dunia. Mtu akisema neno upande huu, linapita mdomo kwa mdomo mpaka mwisho wa shamba, na likifika huko hakuna anayejua lilianza na nani.

Kesho yake ilikuwa zamu ya wanawake kuchunia kwangu, maana tunasaidiana shamba kwa shamba. Emily alikuwa ndani ya laini. Kerubo akashika laini ya mwisho. Mimi nikakatazwa kutoka nje.

Wakuu, hiyo asubuhi ilikuwa ndefu. Nilimenya viazi vya kutosha watu wa harusi na tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na paka. Nasikia kicheko huko kwa chai, nasema, wananicheka. Nasikia kimya, nasema, sasa wananisema. Nilisimama dirishani nikarudi. Nilisema nikisikia ubaya nitaacha uenyekiti, halafu nikasema, na mashimo je?

Kerubo alikuja na kikapu bado mgongoni. Hakukaa.

"Laini imesema maombi yalikuwa marefu."

Nikasema sawa.

"Laini imesema chakula kilichelewa, na watu wako na ng'ombe ya kukamua."

Nikasema sawa.

Akapanga majani kwa kikapu ambayo yalikuwa yamepangwa.

"Sema, Kerubo."

"Laini imesema kile kiti cha kitambaa."

Nikakaa chini.

Kumbe Joel na Richard ni rika moja, walitahiriwa pamoja. Mimi hilo nilijua! Nilijua mpaka wenzao wote kwa majina, lakini sikuliweka pamoja na jambo hili. Kesi zote za mipaka zinapita kwa Joel kwanza. Sasa mjane atasimama vipi mbele yake, amtaje Richard? Na nani angeniambia mimi, wakati Joel ni mtoto wa dada yangu?

Joel si mtu mbaya. Lakini kiti chake kilikuwa kimekaa juu ya mdomo wa kila mtu.

Kumwambia ndiyo ilikuwa kazi. Nilimwita, nikampa mursik kwanza, maziwa yetu ya mgando, ile ya sotet nzuri, kibuyu chetu. Akakunywa. Nikasema, "Joel, Madam Rose anarudi. Mara hii usikuje."

Akaweka kikombe chini. "Mama, mnanifukuza kwa mkutano wa kijiji changu?"

"Hakuna kiti cha mbele mara hii. Hata pasta hana."

"Nani amesema?"

"Chai imesema."

"Ni mambo ya Richard?"

Nikasema tu, "Siku hiyo nataka uende kwa Richard, mkae mpaka jioni."

"Nichunge mtu mzima?"

"Ulichunga ng'ombe yangu ukiwa mdogo. Yule ni rahisi."

Alicheka nusu. Kikombe hakumaliza. Nilibaki naogopa kwamba nimepoteza mtoto na bado sijapata swali.

Madam Rose akarudi. Mara hii tulikaa kwangu nje, duara, kila mtu na maharagwe ya kuambua. Maombi mafupi. Chakula kwanza. Madam Rose mwenyewe akapewa maharagwe.

Alipouliza kama kuna swali, kukawa kimya tena, mikono tu inaambua. Nilivunja ganda tupu mara nyingi bila kujua.

Halafu sauti ikasema, macho bado kwa maharagwe, "Kama shemeji amechimba mashimo kwa chai yako, unaanzia wapi?"

Ilikuwa Emily.

Madam Rose hakumwangalia pia. Akaendelea kuambua, akamwambia aanze kwa chifu apate barua, halafu kortini, na kwa ofisi ya ardhi aweke zuio ndiyo mtu asiguse. Akasema, "Na kesho tunaenda pamoja." Baada ya hapo maswali yalitoka mpaka giza likatukuta.

Walienda. Richard amevuna mahindi yake yote, na seng'enge hajaleta. Kesi bado, sitawadanganya imeisha. Lakini leo asubuhi nimeangalia mashimo, yamejaa maji ya mvua na vyura wanalia ndani.

Joel ananisalimia, ila kuingia kunywa chai bado. Nangoja. Hiyo bado inaniuma.

Nilichojifunza: ukitaka kujua mkutano wako ulikuwaje, usimwangalie mtu usoni baada ya kumlisha. Mpe kazi ya mikono, uondoke, na ukubali neno likufikie bila jina. Na likifika, usianze kutafuta jina lake.

Nyinyi mnaofanya mikutano na harambee huko kwenu, mnauliza watu vipi ndiyo waseme ukweli? Niandikieni, nitasoma polepole.

Ah, nimesahau. Baada ya ule mkutano wa pili nilituma Kerubo kwa laini tena. Alirudi anacheka mpaka kikapu kinaanguka.

"Laini imesema mambo yote mazuri, lakini Kogo, chai yako ni maji. Mara zote mbili ilikuwa maji. Na uko na shamba!"

Wakuu, sijawahi kufurahi hivyo. Na sijauliza ni nani.