Maganda Manne Chini ya Mgomba

Rafiki yangu, mstaafu ana kazi mbili tu: kusikiliza redio na kuwasumbua wenzake. Mimi asubuhi nasikiliza taarifa ya habari huku namenya ndizi za mchana, kisha nachukua daftari langu la mambo ya ajabu na kuandikia kundi letu la simu, kundi la walimu wastaafu wa Karagwe na Kyerwa. Je, mnajua pweza ana mioyo mitatu? Je, mnajua shingo ya twiga ina mifupa saba, sawasawa na yangu na yako? Wenzangu wameniita Redio na wala sijachukia. Juzi niliwaandikia kwamba mgomba si mti, bali ni majani yaliyojiviringisha yakajifanya shina. Mzee mmoja aliyekuwa mkuu wa shule akajibu kwamba mkewe asisikie habari hizo, maana atamwambia aende akafyeke.

Tulikuwa bado tunacheka, mwenzetu mwingine akatuma video. Nikaifungua palepale jikoni bila kujua ni ya nini. Kijana amekaa chini barabarani katika mji nisioutambua, shati limechanika, na watu wamemzunguka. Wanasema kaiba pikipiki. Mmoja anampiga kwa mnyororo, mwingine anakuja na tofali. Kijana anainua mkono, anasema jambo, analirudia, na hakuna anayemsikiliza. Chini ya video mkuu wa shule aliandika, "Safi. Wezi wamezidi." Watu sita wakaunga mkono, watu waliofundisha watoto wa wenzao uraia na maadili kwa zaidi ya miaka thelathini. Niliandika jibu refu la hasira, nikalifuta. Nikaandika jingine, nalo nikalifuta. Nilishindwa kwa sababu moja, na hiyo sijawahi kumwambia mtu. Nikiwa msichana wa miaka kumi niliwahi kumfanyia mtu vilevile, tena bila kuinua hata fimbo.

Nililelewa na bibi yangu kijijini Chonyonyo, katika kibanja cha migomba na kahawa kilichoizunguka nyumba pande zote. Ukiingia kwa bibi ulikuwa unaingia kivulini. Migomba ilisimama karibukaribu, chini kumetandazwa majani makavu hadi miguu isikanyage udongo, na msimu wa kahawa uani kote kulijaa majamvi ya buni zilizokuwa zikikauka. Harufu yake ilikuwa tamu na chachu, iliingia hadi kwenye nguo za kanisani. Kazi yangu ilikuwa kugeuza buni, kuteka maji, na kukusanya majani makavu ya kutandaza shambani. Mchana tulikula ndizi zilizopikwa pamoja na maharage kwenye chungu kimoja, na bibi alikuwa akinipa ukoko wa chini kwa sababu alijua naupenda. Nilipendwa, nisikufiche. Hayo yaliyotokea hayakutokana na mtoto aliyekosa mapenzi.

Bibi alikuwa na sheria yake, na pale kijijini wengi walikuwa nayo. Mtu anayepita njia akishikwa na njaa aliruhusiwa kuingia kibanjani kwako na kula ndizi zilizoiva mgombani. Ale ashibe. Ila asiondoke na hata moja, na maganda ayaache palepale chini ya mgomba aliokula, ili mwenye shamba akiyaona ajue kwamba aliyepita ni mgeni na si mwizi. "Mwizi hubeba maganda yake," bibi alikuwa akisema. Mara nyingine tulikuta maganda asubuhi, naye akasema, "Tumepata mgeni," kwa sauti ya mtu aliyefurahi kweli.

Kulikuwa na sheria nyingine, nayo ilikuwa kali. Ukimwona mwizi unapiga yowe, lile tunaloliita kwa Kinyambo enduru, na kila atakayelisikia lazima aje, tena na kitu mkononi. Asiyekuja anashukiwa. Anayekuja mikono mitupu anashukiwa. Na kila aliyekuja lazima apige, japo mara moja, ili kesho asipatikane wa kusema fulani ndiye aliyempiga. Ole wako upige yowe la uongo! Mwaka uleule mama mmoja wa jirani alipiga yowe kumbe ni shemeji yake anakata majani ya ng'ombe. Akatozwa mbuzi na mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya watu aliowasumbua, na sisi watoto tukamtungia wimbo. Mimi ndiye niliyekitunga kiitikio chake. Nilijisifu sana kwa kile kiitikio.

Basi msimu huo wa kahawa wezi walikuwa wamechacha. Watu walianika buni mchana, wakigeuka kidogo jamvi limepungua. Mikungu ya ndizi ilikatwa ikiwa bado michanga. Wanaume walikuwa na hasira, wanazungumza kwa meno, na kila mmoja alikuwa na fimbo mlangoni. Ndivyo mambo yalivyokuwa siku ile, saa nne asubuhi, nilipokwenda mwisho wa kibanja kukusanya majani makavu.

Nilimwona kwa mgongo. Mwanaume mrefu, simjui, amesimama kwenye mgomba wetu wa ndizi sukari, na kiunoni amechomeka muhoro, lile panga lenye mdomo uliopinda tunalopogolea migomba. Sikuona kingine. Niliona muhoro ule, nikaachia yowe.

Mtu yule aligeuka akanitazama. Hakukimbia. Hilo nimelifikiria miaka mingi: angekimbia, pengine angepona. Aliinua mikono yote miwili akanisihi, "Waitu, mwanangu, nyamaza, nimekula tu." Lakini yowe lilikwisha kwenda, na watu wa mbali walikwisha kulipokea, mmoja huku, mwingine kule. Watu walikuwa mashambani wanachuma kahawa, kwa hiyo walifika upesi. Jirani yetu wa kwanza, mwenye kahawa mpakani mwetu, alitangulia na mpini wa jembe, akampiga nao kwenye goti kabla hajauliza lolote. Nilisikia mfupa. Yule mtu akaanguka ubavu, na wengine wakamfunika.

Sitaki kukupambia. Walimpiga kwa fimbo, kwa mawe, kwa bapa la panga. Katekista wetu alifika anahema, hakuwa na kitu zaidi ya mwavuli, akampiga kwa mwavuli hadi njiti zikatoka. Mtu yule alikuwa akipiga kelele neno moja, "Maganda! Maganda! Tazameni maganda!" Damu ilimtoka puani na kuingia mdomoni, na neno likawa linatoka na mapovu mekundu.

Ndipo nikatazama chini. Yalikuwapo. Maganda manne, mapya, yamepangwa vizuri kwenye shina la mgomba, hatua moja kutoka miguuni pangu. Alikuwa mgeni. Alikula akaacha maganda, kama bibi alivyotaka.

Rafiki yangu, ningeweza kupiga kelele. Sauti nilikuwa nayo, ndiyo kwanza nilikuwa nimeitumia. Lakini nilimkumbuka yule mama na mbuzi wake, na wimbo wangu mwenyewe, nikaona watoto wote wa shule wakiniimbia mimi. Na sisi tulikuwa na mbuzi mmoja tu. Nilikuwa nimekumbatia majani makavu kifuani. Nikayaangusha juu ya maganda, nikasimama juu yake.

Bibi alifika wa mwisho kwa sababu ya miguu yake. Aliingia katikati ya wanaume wale akasema, "Acheni!" Wakaacha, maana kibanja ni chake. Mtu yule alimwona akajaribu kuinuka kwa kiwiko. "Bibi, nimeacha maganda. Mimi ni mtu wa Kyerwa, natafuta kibarua cha kahawa. Nimeacha maganda, bibi."

"Kama ameacha yapo," bibi akasema. Akainama. Aliuzunguka mgomba ule polepole akifunuafunua majani kwa fimbo yake, na tulimsikia mtu yule akipumua. Nilimwona usoni. Alikuwa anamtazama bibi kwa tumaini kubwa, karibu atabasamu. Bibi alifika kwangu, akainua macho.

"Wewe ndiwe uliyekuwapo. Umeona maganda?"

"Hapana, bibi."

Hakunitilia shaka hata kidogo. Aligeuka akawaambia, "Hakuna."

Safari hii walimpiga bila kelele, kama watu waliorudi kwenye kazi yao. Walimlaza, wakauvuta mkono wake wa kulia juu ya jiwe, na jirani akauponda kwa kisigino cha shoka, kidole kwa kidole, akisema huo ndio mkono ulioiba. Nililia, na wakaniambia nisiogope, mwizi hawezi kunifanya kitu tena. Baadaye bibi alimletea maji kwenye kata, yeye mwenyewe, na wanaume wawili wakambeba kwa machela ya miti kumpeleka barabarani. Tulisikia kwamba hakufa. Zaidi ya hapo hatukusikia.

Siku ya tatu bibi alikwenda kutandaza majani upande ule. Mimi nilikuwa uani nageuza buni, na nilisikia fimbo yake ikinyamaza. Alirudi amekaza mdomo, mkononi ameshika maganda manne yaliyokwisha kuwa meusi. Akaketi kizingitini, akayaweka mapajani, akanitazama muda mrefu. Nilingoja fimbo. Nilitamani anichape. Akasema tu, "Kaoshe mikono, ule." Siku ile ukoko aliula yeye. Hatukulizungumza tena hadi alipofariki, lakini hakunituma tena kibanjani peke yangu, na tangu hapo sikumsikia tena akisema tumepata mgeni.

Niliondoka nikasoma, nikawa mwalimu. Katika miaka yangu ya mwisho ya kazi nilihamia Kayanga, na pale sokoni nikamkuta mzee mmoja anauza parachichi. Alizipanga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekauka, vidole vimejikunja kiganjani vikashikana. Nilijua kabla hajafungua kinywa. Nilisimama pale na kikapu changu, na mama aliyekuwa mbele yangu ndiye aliyeuliza, "Mzee, mkono huu ulizaliwa nao?"

Akacheka. "Nilizaliwa na mizuri miwili, mwanangu. Huu uliachwa Chonyonyo." Akalisimulia lote, na mimi nasikiliza, hadi kwenye mwavuli wa katekista. Kisha akasema, "Yule mtoto aliyepiga yowe nilishamsamehe. Mtoto ni mtoto, aliona muhoro akaogopa. Na wale wanaume, wengi wape, usipowapa watachukua. Lakini yule bibi! Nilipomwona anainama nikasema Mungu yupo. Aliyaona maganda yangu, mwanangu. Manne. Niliyapanga mwenyewe. Aliyaona akasema hakuna. Huko aliko, asipewe maji."

Ulimi ulikuwa kinywani mwangu. Ningesema maneno matatu tu. Nikasema, "Pole sana, mzee wangu."

Miaka minane nilinunua kwake kila siku ya gulio, hata siku ambazo nyumbani parachichi zilikuwa zinaoza. Kila mara nilimpa pole, na kila mara aliniongezea moja juu, akisema hiyo ni ya mwalimu. Mara nyingine alimlaani tena bibi yangu mbele yangu huku akinichagulia laini. Nilikuwa napanga kumwambia gulio lijalo. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi nimejaliwa wajukuu wengi.

Siku hizi kibanja cha bibi hakipo. Mnyauko uliingia, migomba ikang'olewa na kuchomwa moto, na sasa pana mahindi ya mtu mwingine. Vibanja vilivyobaki vina uzio, na mpita njia mwenye njaa ananunua chapati. Hakuna tena anayeacha maganda, wala anayeyatafuta. Yowe pekee ndilo limebaki, nalo sasa linapigwa kwa simu.

Mwaka jana nilikwenda sokoni nikakuta mwanamke amekaa mahali pa mzee. Ni binti yake. Akaniambia baba amezikwa majuma mawili yaliyopita, Kyerwa, kwao. Akaniuliza kama mimi ndiye mwalimu wa parachichi. Nikamwambia ndimi. "Alikutaja," akasema. "Alisema katika watu wote aliowasimulia habari ya mkono wake, ni wewe tu uliyemsikitikia kwa moyo. Akasema tukikuona tukushukuru." Kisha akainuka, akapiga magoti mbele yangu pale sokoni, watu wakitazama, akasema, "Asante, mama." Nami nikaipokea.