Sufuria Chini ya Kitanda

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Jumapili ya mvua, nilipoficha sufuria ya managu, mboga za majani tu, chini ya kitanda changu kana kwamba nilikuwa nimeiiba. Ilikuwa hapa hapa Eldoret, mtaa huu wa West Indies, si mbali na hii nyumba yako, wakati ule vyumba vingi vilikuwa vya mabati na watu wote tunachota maji kwa bomba moja. Usicheke kwanza. Nimekumbuka kwa sababu ya hiyo simu uliyokata sasa hivi. Nimekusikia ukimwambia rafiki yako Brenda, aliyetaka kupita kwako, kwamba uko tao, yaani mjini, na hutarudi mapema, na huku umesimama jikoni kwako na mwiko mkononi, mboga za kunde zinachemka mbele yako. Ulipomaliza ukanigeukia ukasema, "Sasa ningempea nini, Mathe? Kunde?"

Sikukujibu pale pale kwa sababu ningekujibu vibaya. Unanijua, hasira zangu ziko mdomoni. Basi lete huo mwiko nikoroge mwenyewe, maana nikikaa mikono mitupu sijui kusema jambo likanyooka. Wewe keti hapo. Simu iweke chini, haitakimbia.

Anti yako Chebet unamjua. Humjui mwingine wa kumwita anti kwa mapenzi kama yule. Lakini hujui kwamba alikaribia kuwa mtu ninayepishana naye barabarani bila salamu, na si kwa sababu tuligombania mwanamume au pesa. Ni kwa sababu ya mboga.

Nilikuja Eldoret nikiwa mdogo kuliko ulivyo sasa. Kwetu Vihiga, mgeni ni kuku. Mgeni hajafika hata mlangoni, mama ameshaanza kuangalia uwanjani ni yupi atakamatwa, na sisi watoto tunatumwa kumkimbiza. Mgeni naye husema, "Aa, msijisumbue," huku akifuata kwa macho yule kuku anayekimbizwa. Ndivyo tulivyolelewa. Siku naondoka, mama alinifungia karanga kwa kitambaa, akanishika mkono kule kwa barabara, akaniambia nisije nikamwekea mtu mboga tupu mezani kwangu, watu wakasema sikuwa na mama. Neno hilo nililibeba kuliko hizo karanga. Nililibeba vibaya, lakini nililibeba.

Nikapata kazi kwa duka la vitambaa pale mjini, mimi na Chebet. Yeye alikuwa mtu wa Ainabkoi, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mteja aliye ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa sijui mtu. Jioni nilikuwa napita sokoni nanunua managu au saga, mboga za kienyeji za bei yangu, narudi kwa chumba changu, napika, nakula peke yangu nikiangalia ukuta. Kama si Chebet ningerudi nyumbani mwezi wa kwanza. Alinichukua kwao Ainabkoi mara nyingi sana, hata mbwa wao akaacha kunibwekea. Na kule mama yake alikuwa ananipa nini? Managu. Managu yaliyopikwa jana, yakalala, leo yakatiwa maziwa na malai yakachemshwa tena polepole, na ugali mkubwa wa moto. Nilikuwa nakula mpaka naona haya. Hakuna siku alisema, "Samahani, leo hatuna kuku." Aliweka tu chakula akaketi akaanza hadithi za ng'ombe.

Ngoja nipunguze huu moto, kunde zako zitaungua.

Sasa, Chebet akianza kuniuliza, "Na sisi tutakuja kwako lini?" mimi nilikuwa nasema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukifika, mshahara unakwisha kwa kodi na kwa kile cha kutuma nyumbani, kuku hanunuliki, nasema mwisho wa mwezi ule mwingine. Na kwa vile niliogopa asije tu bila kuniambia, Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa napika haraka haraka, naonja kidogo nikiwa nimesimama, nafunga kufuli, natoka. Mwanangu, mji huu nimeuzunguka! Nilisimama kwa madirisha ya maduka yaliyofungwa nikajifanya nachagua viatu. Nilikwenda kituo cha mabasi nikaangalia watu wakisafiri, mimi nikiwa sina safari. Nikirudi, nilikuwa nachungulia kwanza kwa kona kama kuna mtu mlangoni kwangu, na nikiona hata kivuli nageuka nazunguka tena. Miguu iliniuma, na njaa ikaniuma, na chakula changu mwenyewe kiko ndani kinapoa. Sijui niseme nini juu ya huo ujinga. Nilikuwa namkimbia mtu mmoja tu niliyekuwa namtaka.

Siku moja dukani tukikunja vitambaa, Chebet akaacha kukunja. Hakupaza sauti, na yule si mtu wa kunong'ona, kwa hiyo nikajua mambo yameharibika.

"Jana nilikuja kwako," akasema. "Nikakuona."

"Uliniona wapi?"

"Kwa kona. Uliniona, ukageuka ukaenda. Wewe umekula kwetu mpaka ng'ombe inakujua. Kwako mimi najua mlango tu. Niambie ukweli, ni juu ya sisi kuwa Wakalenjin? Hutaki watu wakiniona nikiingia kwako?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Ulikuwa ukweli mdogo, wa maneno mawili: sina kuku. Ulimi ukakataa. Nikasema, "Si hivyo, Chebet, ngoja mwisho wa mwezi," naye akaniangalia kama mtu anayeangalia mlango ukifungwa, akarudia kitambaa chake. Kuanzia siku hiyo saa ya chakula alikuwa anaenda kukaa na wasichana wa duka la pili. Mimi nilikuwa nasimama, naketi, nasimama tena. Mwenye duka aliniuliza kama nina minyoo.

Unajua mji wetu huu, mwanangu. Watu wanaishi pamoja vizuri, wanauziana, wanaimba kwaya moja, lakini kila mtu anachunguza nani anaingia kwa nani. Kumnyima mtu mlango hapa si jambo dogo. Mwenzako hatafikiri ni umaskini wako, atafikiri ni kabila lake. Na mimi nilimwacha rafiki yangu afikirie hivyo kwa sababu niliona afadhali hilo kuliko aone mboga zangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo nikilitaja.

Basi Jumapili iliyofuata mvua ikanyesha, ile mvua yetu ya baridi inayopiga mabati mpaka husikii redio. Sikuweza kutoka. Nikawasha stovu, nikabandika managu. Yalikuwa bado hayajaiva sawasawa, nimeyaharakisha kama kawaida yangu, nikasikia mlango unapigwa na sauti ya mama mzee inasema, "Hodi huku, tunanyeshewa!"

Nilichungulia kwa kitundu. Alikuwa mama yake Chebet, mwenyewe, amejifunika leso kichwani na chupa ya maziwa kwapani. Nyuma yake alikuwa Chebet, amekunja mikono, anaangalia matope.

Akili ilinitoka. Nilishika sufuria kwa pindo za nguo, nikapiga magoti, nikaisukuma chini ya kitanda mbali kabisa, nikashusha shuka ifunike. Ndipo nikafungua. "Karibuni, karibuni! Mmenipata hata sijapika! Ketini nikimbie sokoni niwaletee kuku."

"Kuku na hii mvua?" mama akasema. Akaangalia kushoto na kulia akitafuta kiti. Kiti hakikuwepo. Akaketi kitandani. Mwanangu, aliketi juu ya managu yangu hasa.

Nilichukua kikapu nikakiweka chini. Nikachukua mwavuli, ulikuwa umevunjika, nikauweka. Nikauliza hali ya ng'ombe ikoje, nikajibu mwenyewe kabla hajajibu. Chebet alibaki amesimama kwa mlango, upande wa nje kidogo, matone ya paa yanamwangukia begani. Alikataa kuingia. Alikuwa ameletwa tu.

Mama akanusa. Akanusa tena. "Kitu inaungua hapa," akasema.

"Ni kwa majirani, Mama."

"Hapana. Iko hapa. Kama mpira."

Nami nikasikia harufu. Kulikuwa na slipa zangu za mpira chini ya kile kitanda. Kabla sijasema lolote yule mama alishainama, akainua shuka, akaingiza mkono, akavuta. Sufuria ikatoka, na slipa moja ya kijani imeganda chini yake, inaning'inia kama mkia. Akainua yote juu kwenye mwanga. Akaangalia managu, akaangalia slipa, akaniangalia mimi.

"Hii ni nini?"

"Ni mboga tu, Mama."

"Mboga tu." Akaiweka sufuria mapajani juu ya leso yake. "Wewe mtoto, ukikuja kwangu nilikuwa nakupatia nini?"

"Managu, Mama."

"Kuku ilikuwa?"

"Hapana."

"Nilikuficha?"

"Hapana, Mama."

"Sasa kama managu ni kitu ya kuficha chini ya kitanda, basi mimi siku zote hizo nilikuwa nakuwekea matusi kwa sahani. Na wewe ulikuwa unakula, unaniambia asante."

Machozi yalinitoka hapo hapo, sikuyazuia. Nikamwambia habari ya kuku wa Vihiga, na mama yangu, na kona ya barabara, na mwisho wa mwezi. Yote yalitoka kwa fujo. Mama alisikiliza akibandua slipa kwa ncha ya kisu. Chebet alikuwa ameacha kukunja mikono.

"Kumbe ni hii tu?" akasema kutoka mlangoni. "Mimi nimelia wiki mzima, kumbe ni *kuku*?"

"Wiki mzima," mama yake akasema. "Amenisumbua: Mama, yule ananichukia! Mama, yule ananikimbia! Nikamwambia, kabla hujamwacha mtu, twende tuone anakula nini."

Chebet akaangalia ile slipa iliyokunjamana, akacheka. Ile sauti yake kubwa ikashinda mvua. Akavuka kizingiti akicheka, na mimi nikacheka na machozi, na kwa mara ya kwanza chumba changu kikawa na watu.

Mama alionja managu. "Yanauma ulimi," akasema. "Umeyatoa kabla hayajakubali." Akarudisha sufuria kwa stovu, akamimina maziwa yake, akapunguza moto. Mimi nikaanza tena kuzunguka, nifunike, nifunue, nitafute chumvi. Akanipiga kidogo mkononi na mwiko. "Keti. Managu hayaivi kwa kuangaliwa. Ongea na mwenzako." Nikaketi juu ya ndoo niliyoipindua, Chebet akaketi kitandani, tukaongea. Nilikuwa sijawahi kuketi hivyo ndani ya chumba kile. Yalipoiva nikasonga ugali, tukala kwa sahani moja kwa sababu nilikuwa na sahani moja. Nimekula kuku wengi tangu siku ile, wa harusi na wa Krismasi, na siwakumbuki. Ule mlo naukumbuka mpaka ladha ya mpira kidogo iliyokuwa ndani yake.

Chebet alirudi Jumapili iliyofuata, na ile nyingine. Siku moja ni kabichi, siku moja ni sukuma wiki na viazi, siku moja anakuja na saga zake kwa mfuko. Wewe ulipozaliwa, nikiwa siwezi hata kuinua kichwa, aliyekubeba kukutoa hospitali akakuleta nyumbani amekufunika kwa sweta yake ni huyo. Fikiria angebaki pale nje ya mlango siku ile, ameumia, akarudi kwao.

Na mama yangu hakuwa mwongo, nisikilize vizuri. Alitaka nimheshimu mgeni. Mimi ndiye niliyeshika kuku nikamwacha mgeni nje.

Kwa hiyo nakuambia hivi, mwanangu, na uwaambie wenzako mnaoagiza kuku na chipsi kwa simu siku mkiwa na watu, na siku msipoweza mnajifungia ndani na kusema mko tao. Mpe mtu kile unachokula wewe. Kama ni kunde, ziwe kunde, lakini zipike kwa utulivu, zitie karanga au maziwa, zionje kabla hujazipakua, kwa sababu heshima ya mgeni iko kwa mkono wako. Usiombe msamaha mezani. Sahani zikipungua, kuleni kwa moja. Mtu akikuuliza uko wapi, na unampenda, mwambie ukweli, kwa sababu hujui akigeuka pale mlangoni ataondoka akifikiria nini.

Mungu aibariki mikono yako na hii sufuria yako. Akupe mlango unaobishwa, na watu wanaojua njia ya kuja kwako hata kukinyesha. Na siku ukilala huwezi kuinuka, mmoja wa wale waliokula mboga zako awe wa kwanza kufika.

Sasa mpigie Brenda, umwambie uko nyumbani. Maji ya ugali nimeshaongeza.